Grili ya gesi: moto wa njano, mrija mmoja unawaka nusu, wavu una kutu. Nianzie wapi?

Upepo_wa_Mbezi

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa wanaojua majiko ya gesi ya kuchomea nyama.

Grili ina mirija minne ya moto na inakaa barazani nyuma ya nyumba, Mbezi Beach, kama mita 600 kutoka baharini. Ina miaka mitatu. Hufutwa kwa juu na kufunikwa turubai lake, ila ndani haijawahi kufunguliwa. Hali ya sasa ni hii:

Mrija wa kwanza kushoto unawaka nusu, kuanzia katikati kwenda nyuma hakuna moto. Wa pili una moto mrefu wa njano, unalegea na kutoa masizi. Miwili ya kulia ina moto wa bluu, lakini kuna cheche za rangi ya chungwa zinazokuja na kupotea. Ndani ya mfuniko kuna kitu kama rangi nyeusi kinabanduka vipande vipande na kuangukia nyama. Wavu ni wa chuma kizito, umeshika kutu.

Mtungi ni wa kilo 15. Nimeambiwa gesi ni chafu, mwingine akasema regyuleta imekufa. Kabla sijatoa hela ya regyuleta, tatizo ni nini hasa? Na nisafishe kwa mpangilio gani? Huwa inaoshwa kwa Jik na stilwaya, maji ni ya kisima.

Fundi_Moto_Bluu

Mkuu, hela ya regyuleta iweke kwanza. Regyuleta ikichoka, moto unapungua kwenye mirija yote kwa pamoja, na gesi chafu nayo haiwezi kuchagua mrija wa pili ikauacha wa tatu. Kwako kila mrija una ugonjwa wake, kwa hiyo hitilafu iko mbele ya koki, ndani ya mirija yenyewe.

Moto wa njano maana yake hewa haitoshi. Gesi inatoka kwenye nozeli, kile kitundu kidogo cha shaba mwishoni mwa koki, kwa kasi kubwa, na kasi hiyo ndiyo inayovuta hewa kupitia dirisha lililo kwenye shingo ya mrija. Vikichanganyika vizuri unapata bluu. Dirisha au shingo ikiziba, gesi inafika kwenye matundu bila hewa ya kutosha, inaungua vibaya na kuacha masizi.

Kwa Dar kinachoziba ni wadudu. Nyigu wa udongo anapenda sana tundu lenye upana wa kidole, analijaza tope ambalo likikauka linakuwa kama saruji. Buibui naye anatanda humo humo. Grili iliyokaa wiki tatu bila kuwashwa chini ya turubai ni nyumba nzuri kwao. Mrija wako wa pili nauhukumu hivyo kabla ya kuuona: tope au utando shingoni. Wa kwanza ni kisa kingine, matundu yake ya nyuma yamezibwa na mafuta na kutu.

Usiuwashe tena huo wa pili mpaka umeufungua. Shingo ikiziba zaidi, gesi inakosa njia ya mbele, inatokea kwenye dirisha la hewa na kuwakia nyuma ya swichi. Hapo swichi za plastiki zinayeyuka na mpira wa gesi uko jirani kabisa.

Namna ya kufungua:

1. Funga koki ya mtungi, kisha fungua swichi moja ya grili kwa sekunde chache ili gesi iliyobaki kwenye mpira itoke. Funga swichi. Ondoa regyuleta kwenye mtungi, usogeze mtungi pembeni.

2. Toa wavu, kisha vibati vyenye umbo la paa vinavyofunika mirija. Piga picha kabla ya kutoa chochote.

3. Kila mrija umeshikwa nyuma na skrubu moja au pini ya kupinda. Kwenye grili ya miaka mitatu karibu na bahari skrubu hizo zitakuwa zimeganda. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, subiri dakika 20, ndipo utumie bisibisi. Ukilazimisha, kichwa kinakatika.

4. Inua nyuma, vuta mrija kuelekea nyuma ili shingo itoke kwenye nozeli. Weka alama ya kalamu: 1, 2, 3, 4.

5. Shingo na ndani ya mrija: tumia brashi ndefu ya kuoshea chupa za mtoto, au waya laini uliokunjwa ncha kama ndoano. Ingiza, zungusha, vuta. Tope la nyigu ligongegonge kwanza kwa mpini wa bisibisi upande wa nje, litapasuka. Kisha chungulia kwa tochi: ukimulika upande mmoja lazima mwanga ujae mpaka mwisho wa mrija.

6. Matundu: brashi ya waya wa stenlesi, ukisugua kukatisha mrija, siyo kwa urefu wake. Ukisugua kwa urefu unasukuma uchafu kutoka tundu hili kuingia lile. Tundu lililoganda lizibue kwa sindano ya kushonea au pini. Usitumie kijiti cha meno, kinakatikia ndani. Na usichokonoe mpaka tundu likapanuka.

7. Suuza ndani kwa maji ya bomba, simamisha mrija uchuruzike, uache juani hadi ukauke kabisa.

Wakati wa kurudisha, hakikisha nozeli imeingia ndani ya shingo ya mrija, siyo pembeni yake. Hili ndilo kosa linaloongoza. Grili inaonekana imefungwa sawasawa, kumbe gesi inamwagika chini ya mrija. Chungulia kila moja kwa tochi kabla ya kufunga skrubu.

Mishkaki_Temeke

Nyongeza kwa Fundi. Na nozeli zenyewe azibue kwa waya mwembamba, zile za shaba. Mara nyingi nazo zinakuwa zimeziba.

Fundi_Moto_Bluu

Hapo ndugu yangu sikubaliani, na naomba asifanye. Shaba ni laini, waya wa chuma unaikwangua. Nozeli ya milimita 0.9 ikipanuka ikawa 1.0, eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 23 hivi, na gesi itakayopita inaongezeka karibu kwa kiwango hicho hicho. Moto hautarudi kuwa bluu hata usafishe mrija mara kumi, na huwezi kulirudisha tundu lilivyokuwa. Nozeli ifunguliwe kwa spana, iloweshwe kwenye maji ya moto yenye sabuni, ipulizwe kwa upepo wa kujazia tairi kutokea upande wa nyuma, basi. Ukiimulika uone tundu la mviringo safi. Kama limekuwa yai, badilisha.

Jikoni_Kigamboni

Ndugu muuliza, mimi nizungumzie usafi, maana Jik, stilwaya na maji ya kisima kwa pamoja ndiyo dawa ya kuua grili ya pwani.

Jik ina klorini. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ina ngozi nyembamba sana juu yake inayoikinga, na klorini inaitoboa ngozi hiyo. Utaona vidoa vidogo vya kahawia kama mavi ya nzi, ukivipapasa ni vishimo. Vikishaanza vinaendelea kwenda chini. Upepo wa bahari unafanya kazi hiyo hiyo polepole, Jik inaiharakisha. Halafu kuna hatari nyingine: akimwaga Jik kisha mwingine aje na siki, hapo inatoka gesi ya klorini ambayo inachoma mapafu. Visikutane kabisa.

Stilwaya za kawaida ni chuma. Zinaacha vumbi la chuma juu ya stenlesi, vumbi linashika kutu, nawe unadhani grili ndiyo inayooza. Tumia sponji ya kijani upande mgumu, na sugua kufuata mistari ya bati, usizungushe.

Maji ya kisima ya maeneo mengi ya pwani yetu yana chumvi. Unaosha kwa sabuni nzuri, halafu unaacha chumvi ikauke juu ya chuma. Osha nayo ukipenda, ila suuza ya mwisho iwe maji ya bomba au ya mvua, lita tano zinatosha. Kisha futa kwa kitambaa kikavu na uwashe grili dakika 10 mfuniko ukiwa wazi, unyevu uliobaki kwenye pembe utoke.

Dawa ya kusafishia oveni nayo ni ya kukaa mbali. Nyingi zina kostiki soda, na sanduku la chini la grili nyingi ni alumini. Kostiki inaila alumini, utaona povu na rangi inageuka kijivu cheusi.

Sasa hivyo vipande vyeusi vya mfunikoni: siyo rangi. Ndani ya mifuniko mingi hakuna rangi ya kubanduka. Hayo ni moshi na mafuta yaliyoungua yakaganda tabaka juu ya tabaka mpaka yakawa mkaa. Pasha moto kidogo, zima, subiri pawe vuguvugu, kisha kwangua kwa skrepa ya plastiki au kadi ngumu. Malizia na maji ya moto yenye sabuni ya vyombo. Rangi ya kweli ikibanduka inatoka kama ngozi na chini yake kuna chuma kitupu. Kilichoganda kinavunjika kama makaa ukikibana kwa vidole.

Mpangilio ni kutoka juu kwenda chini, uchafu uanguke mahali ambapo bado hujasafisha: mfuniko, wavu, vibati, mirija, sanduku, trei. Mirija ikiwa imetolewa, funika nozeli kwa vipande vya mfuko wa plastiki na raba bendi kabla hujakwangua sanduku, la sivyo makombo yote yanaingia humo. Vibati viloweke saa moja kwenye lita 10 za maji ya moto na nusu kikombe cha sabuni ya maji. Mafuta yaliyoganda yapake uji mzito wa bekingi soda, vijiko vikubwa vinne kwa kijiko kimoja na nusu cha maji, dakika 20 tu. Usiulaze usiku kucha juu ya alumini, utaifubaza.

Trei ya mafuta ndiyo watu wanaisahau, na ndiyo inayowaka. Mwage mafuta kila unapochoma kuku wenye ngozi au mbavu. Unaweza kutandika karatasi ya foili ndani ya trei, lakini usitandike chini ya sanduku zima, inaziba njia za hewa na kukusanya madimbwi ya mafuta chini ya moto. Mafuta hayo pia yanaita mende na panya, na panya akimaliza mafuta anahamia kwenye mpira wa gesi.

Upepo_wa_Mbezi

Asanteni sana. Jik imeshatolewa nje. Vipi wavu wenye kutu, bado unafaa au ni wa kutupa? Na ile desturi ya kuwasha moto mkali mfuniko ukiwa umefungwa ili uchafu uungue, ni salama?

Jikoni_Kigamboni

Angalia kwanza ni wavu gani. Ukiwa unang'aa kama kioo cheusi, una enameli. Enameli ikishamenyeka wavu huo badilisha, kwa sababu vipande vinavyotoka ni kama vigae vya kioo na vinaingia kwenye chakula. Usiusugue kwa brashi ya chuma hata ukiwa mzima.

Ukiwa ni chuma kitupu cha kusubu, kutu ya juu siyo msiba. Brashi ya waya kwanza, ikauke. Kisha loweka kwenye siki na maji, nusu kwa nusu, dakika 30, uangalie, ukihitaji ongeza 30. Usiuache ulale humo, siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe. Suuza, weka juu ya moto mara moja ukauke, maana katika unyevu wa Dar chuma kitupu kinarudi rangi ya chungwa ndani ya nusu saa.

Halafu upake mafuta ya alizeti kwa kitambaa, na uyafute kana kwamba umekosea kuyapaka. Tabaka likiwa nene linageuka gundi. Grili iwe kati ya nyuzi 200 na 230, mfuniko umefungwa, saa moja. Ipoe, rudia. Mara tatu zinatosha kupata weusi unaoteleza.

Moto wa kuunguza uchafu ni salama kwa sharti moja: trei na sanduku viwe safi. Dakika 15 moto wa juu, mfuniko umefungwa, usiondoke, kisha sugua wavu ukiwa bado moto. Ila kama chini kuna mafuta ya miezi mitatu, unajiwashia bakuli la mafuta. Yakishika moto zima swichi zote, funga koki ya mtungi kama unaifikia bila kupitisha mkono juu ya moto, na mfuniko ubaki umefungwa. Maji yasiguse kabisa.

Angalizo kwa brashi za waya: nyuzi zinachomoka na kushika kwenye wavu, kisha kwenye mshikaki, kisha kooni. Kila ukimaliza kusugua, pitisha kitambaa kilicholowa au nusu kitunguu kilichochomwa kwenye uma. Brashi iliyoanza kumwaga nyuzi itupwe siku hiyo hiyo.

Mishkaki_Temeke

Kuna kinachokula wavu kuliko bahari: ndimu na chumvi ya nyama iliyolowekwa. Nyama ya mishkaki ikae kwenye kichujio dakika tano ichuruzike kabla ya kwenda motoni. Rojo likidondoka linaziba matundu ya mirija na tindikali yake inabaki kwenye chuma. Ukimaliza kuchoma, usiuoshe wavu wa chuma kitupu usiku ule. Unguza dakika tano, sugua, paka mafuta kidogo ungali na joto.

Upepo_wa_Mbezi

Mrejesho. Mrija wa pili ulikuwa na tope la nyigu shingoni, sentimita tatu nzima. Wa kwanza matundu 11 ya nyuma yalikuwa yameganda, yamezibuka yote isipokuwa mawili ya mwisho ambayo kutu imeyaunganisha yakawa ufa mmoja. Nimerudisha kila kitu na kuchungulia nozeli.

Maswali yaliyobaki: (1) Mrija wa pili sasa ni bluu, ila moto unavuma na kuruka juu ya matundu, kama unataka kuzimika. (2) Cheche za chungwa bado zipo kwenye mirija yote. (3) Nilipopaka povu la sabuni, kwenye klipu ya mpira upande wa grili yanatoka mapovu madogo. (4) Huo ufa je?

Fundi_Moto_Bluu

Nianze na la tatu kwa sababu hilo halisubiri. Mapovu yanayokua ni gesi inatoka. Usiwashe.

Mpira ukivuja kwenye klipu, usikaze tu na kuondoka. Legeza, uvute mpira, uangalie mwisho wake. Kama umekakamaa, una mipasuko ukiukunja, au umechukua umbo la klipu, ukate sentimita tatu ukiwa mrefu wa kutosha, au ubadilishe wote. Mpira halali wa gesi una maandishi ubavuni: neno la gesi, presha na mwaka wa kutengenezwa. Ukipita miaka mitano tangu tarehe hiyo uondoe hata kama unapendeza machoni, na kwenye jua la barazani usishangae ukichoka mapema. Mpira wa maji wa bustani haufai hata kwa dakika moja, gesi inauharibu. Klipu iwe ya kukaza kwa skrubu, ya stenlesi, siyo waya wa kufungia.

Kisha jaribu upya: sabuni ya maji na maji kiasi sawa, brashi ya rangi, swichi zote za grili zimefungwa, koki ya mtungi wazi. Paka kichwa cha mtungi na regyuleta, regyuleta na mpira, mpira wote kwa urefu, mpira na bomba la grili, kisha shina la kila koki. Tazama kila mahali dakika nzima. Uvujaji mdogo hautoi povu papo hapo. Kiberiti kisitumike kutafuta uvujaji, kamwe. Na gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, inatulia chini, kwa hiyo mtungi usikae kwenye kabati lisilo na matundu ya chini.

Mahali ambapo regyuleta inakaa kwenye mtungi panazibwa na mpira wa duara, siyo na tepu ya mafundi bomba. Wanaozungushia tepu pale wanaharibu ukaaji wake. Mpira ukiwa umepasuka, badilisha mpira.

La kwanza: moto unaoruka una hewa nyingi kupita kiasi. Kwenye shingo ya mrija kuna kibati kinachozunguka juu ya dirisha la hewa, kina skrubu ndogo. Huenda kilisogea wakati unasafisha. Legeza skrubu, punguza dirisha kidogo kidogo, kama milimita 2 kwa mara moja, grili ikiwa imewaka moto wa juu na usiku usiku uone rangi vizuri. Lengo ni bluu iliyotulia juu ya matundu, ncha zenye njano kidogo zinakubalika. Vaa glovu ya ngozi, kaza skrubu, subiri dakika tano, angalia tena, maana mrija ukipata joto moto hubadilika.

La pili: hizo cheche ziache. Chumvi ikipita kwenye moto inaupaka rangi ya chungwa, ni sodiamu. Mita 600 kutoka baharini upepo wa kusi au kaskazi unaleta chembe za chumvi na vumbi, zinaingia na hewa ya dirishani. Tofauti yake na moto mbaya ni rahisi: chungwa la chumvi linaruka kama cheche na kupotea, halitoi masizi. Njano ya kukosa hewa imetulia pale pale, imelegea, na kijiko ukikiweka juu yake kinakuwa cheusi.

La nne: matundu yaliyoungana, mrija huo umekwisha. Hapo moto unatoka mkubwa sehemu moja na unachoma kibati cha juu. Usipeleke kwa mchomeleaji, kiraka cha kuchomelea hakidumu kwenye joto lile na kinabana njia ya ndani. Kata shauri ununue mpya.

Gerezani_Vipuri

Kuhusu kununua mrija: beba wa zamani mkononi, usitaje jina la grili tu. Muuzaji anahitaji vitu vinne: urefu wote kutoka mdomo wa shingo hadi mkiani, kipenyo cha mrija, matundu yako upande mmoja au pande zote mbili, na umbali wa tundu la skrubu ya nyuma. Urefu ukizidi hata sentimita moja, nozeli inaingia ndani mno. Ukipungua, inabaki nje. Kuna mirija inayorefushwa kama antena, inafaa ukikosa halisi, ila kagua maungio yake yasiwe na mwanya.

Nenda na sumaku. Stenlesi ambayo sumaku haiishiki ndiyo inavumilia pwani zaidi. Inayoshikwa na sumaku kwa nguvu itakuwa na kutu mapema, japo bei inavutia.

Jambo la pili kwa wanaoagiza grili kutoka nje, kwa kuwa hapa linasumbua sana. Grili za Marekani huja na regyuleta ya kufunga kwa kuzungusha ambayo haiingii kwenye mitungi yetu. Watu hununua regyuleta yoyote wakafungia. Soma kibandiko cha grili kwanza: kinasema presha, nyingi ni milibari 28 hadi 30 kwa matumizi ya nyumbani, na baadhi za Ujerumani ni 50. Regyuleta iandikwe namba hiyo hiyo. Ile regyuleta ya presha kubwa yenye swichi ya kuongeza na kupunguza, ya majiko ya mama lishe, usiifunge kwenye grili kabisa.

Na kama kibandiko kinasema gesi asilia, nozeli zake ni pana zaidi, kwa sababu gesi asilia inakuja na presha ndogo na joto lake kwa ujazo ule ule ni dogo. Ukiiunganisha na mtungi utapata moto wa kuunguza mfuniko. Inafaa kwa nyumba iliyounganishwa na bomba, kama zile za Mikocheni, siyo kwa mtungi. Kubadilisha ni nozeli zote pamoja na regyuleta, siyo moja kati ya hizo.

Upepo_wa_Mbezi

Mpira ulikuwa umepasuka ndani kwenye klipu, mwaka ulioandikwa ni wa zamani kuliko grili yenyewe. Nimeweka mpya, povu halitoki popote. Kibati cha hewa nimekipunguza mara mbili, moto umetulia. Mrija nautafuta kesho na sumaku mfukoni.

La mwisho: turubai. Niendelee kufunika au niache? Na kilo 15 zinanitosha saa ngapi?

Jikoni_Kigamboni

Funika, ila ikishapoa kabisa na ikiwa kavu. Turubai lililobana mpaka chini linafuga jasho, asubuhi utalikuta limelowa ndani. Acha nafasi ya kiganja chini, na wakati wa masika lifunue mara moja kwa wiki, uwashe dakika 10. Joto hilo linakausha unyevu na linamfukuza nyigu kabla hajamaliza kujenga. Mimi naona hizo dakika 10 zina faida kuliko dawa yoyote ya dukani.

Fundi_Moto_Bluu

Saa inategemea nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko. Kilo moja ya gesi ina joto la karibu kilowati-saa 13.8. Mirija minne ikiwa na jumla ya kilowati 14, yote ikiwa moto wa juu, unakula kilo moja kwa saa, kwa hiyo saa 15 hivi. Kwa kuchoma kawaida, mirija miwili moto wa kati, mara tatu ya hapo inawezekana.

Mtungi wa kilo 6 usiuweke kwenye grili ya mirija minne. Gesi inapochemka kutoka kwenye maji yake inapoza mtungi, na mtungi mdogo haupati joto la kutosha kutoka nje, presha inashuka katikati ya kuchoma. Utaona moto umenywea na mtungi unatoka jasho.

Jasho hilo hilo ndilo kipimo chako. Baada ya dakika 20 za kuchoma, katika hewa yenye unyevu, mtungi unakuwa na ukungu wa maji kuanzia chini hadi usawa wa gesi iliyobaki. Siku kavu mwage kikombe cha maji ya vuguvugu ubavuni, kisha shusha kiganja kutoka juu. Mahali chuma kinapogeuka baridi ghafla, gesi yako inaishia hapo.